Ngazi ya Watu Wote

Siku ya nne baada ya Ramlo kuvunjika mguu, mwenye jumba alikuja kumjulia hali akiwa na kilo mbili za sukari na mtu wa kumpiga picha.

Ramlo alimwona tangu akipanda. Godoro lake lilikuwa limewekwa mlangoni kwa sababu ndani hakukuwa na hewa, na mlango ulitazamana na ngazi. Kwanza ilichomoza kofia, kisha ndevu zilizotiwa hina, kisha tumbo. Hajji Yakub alipofika kwenye kipandio cha saba kutoka juu, kile kilichobomoka nusu nzima kikabaki na vyuma vilivyopinda, alikunja kanzu kwa mkono mmoja, akakiruka, akaendelea kupanda. Hata hakukitazama. Mtu haruki kitu asichokijua, na Ramlo aliliweka hilo moyoni.

"Assalamu alaykum, abaayo," Hajji alisema, akimwita dada. "Pole. Pole sana. Ni qadar ya Mungu."

"Wa alaykum salaam, Hajji."

Mtu wa picha aliwaomba wasogeleane. Hajji alichutama kando ya godoro, akauinua mfuko wa sukari juu ya mguu wenye plasta, akaitazama simu kwa huzuni iliyokolea vizuri. Picha ilipokwisha kupigwa, huzuni nayo ikaisha. Kabla ya jua kuzama ingekuwa imezunguka makundi yote ya WhatsApp ya mtaa wa Waberi, ikiwahimiza matajiri wengine waige mfano.

Maka, mama mkwe wa Ramlo, alikuwa pembeni akichambua mchele. Bibi huyu alizaliwa Kotile katikati ya ng'ombe, na tangu aletwe mjini hakuwa amekutana na kitu kilichomfurahisha.

"Sukari ni nzuri," alisema bila kuinua kichwa. "Tutaitia kwenye mfupa."

Ramlo hakutaka mzaha. Alitaka mguu wake. Hospitalini walikuwa wamemfunga plasta kutoka wayo hadi juu ya goti, lakini picha ya pili ilionyesha mfupa wa muundi umeteleza, na daktari alimwambia waziwazi: asipowekewa chuma kabla ya mwisho wa mwezi, mfupa utashikana vibaya na atachechemea mpaka kaburini. Upasuaji pamoja na chuma chenyewe ni laki moja na themanini. Na mwanamke anayechechemea hawezi kuteremka kila alfajiri na dumu la maziwa ya ngamia kila mkono. Mumewe, Abdow, alikuwa dalali katika soko la mifugo, kazi ya kupiga kelele kutwa juu ya wanyama wa watu wengine. Miezi mingi nyumba hii ililishwa na madumu, si na kelele.

"Hajji," alisema, "daktari anataka laki moja na themanini. Ngazi ni yako. Tulikuambia tangu Rajabu kwamba imebomoka. Mimi mwenyewe nilikuambia siku ya kodi, Muslimo wa mlango wa pili akiwa amesimama papo hapo."

Hajji alitabasamu, tabasamu la mtu anayefundisha watoto.

"Mimi ninapangisha vyumba, abaayo. Wewe una chako, Muslimo ana chake. Ngazi je? Ngazi ni ya watu wote."

"Na pesa ya taa?"

"Taa gani?"

"Mia mbili kila mwezi, taa ya ngazi. Haijawaka tangu mvua."

"Ule ni mchango tu." Hajji alisimama akajipangusa magoti. "Watu arobaini wanapita pale kila siku. Mbona hawakuvunjika? Mungu akimwandikia mtu, amemwandikia. Na wewe alfajiri ile ulikuwa na mzigo, ulikuwa na nguo ndefu. Tena tushukuru. Maziwa yalimwagika ngazi nzima, harufu siku mbili, wapangaji wakanilalamikia, na mimi sikukudai hata senti ya kusafisha."

Abdow alikuwa amesimama muda huo wote ameshikanisha mikono mbele kama mwanafunzi wa madrasa aliyesahau sura. Hajji alipotoka, alimsindikiza hadi chini. Babu zao wa nne walikuwa ndugu wa baba mmoja, na kwa Abdow hilo lilikuwa jambo kubwa sana, ingawa ndugu huyo hakuwahi kumpunguzia kodi hata shilingi moja.

"Umemsemesha vibaya," Abdow alimwambia mkewe aliporudi. "Yule ni ina adeer. Mtoto wa baba mdogo."

"Basi mwambie mtoto wa baba mdogo aniwekee chuma."

*

Yule aliyekuja wiki iliyofuata hakuleta sukari. Jina lake Tiya, Mborana kutoka upande wa Wajir, na kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu wasio na pesa ya wakili. Muuguzi mmoja ndiye aliyemnong'oneza habari za mama wa maziwa. Alipanda ngazi polepole akipiga picha: kipandio, vyuma, ukuta ambao ulipaswa kuwa na kishikilio na haukuwa nacho, soketi ya taa isiyo na taa.

Tiya hakukijua Kisomali vizuri, na Ramlo hakuwa na hata neno la Kiborana, kwa hiyo walizungumza Kiswahili. Ramlo alikuwa amesoma Habaswein hadi darasa la saba kabla ya kuolewa. Hapa mjini hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

"Mguu hii ndio duka yangu," alimwambia Tiya. "Ikikufa, watoto yangu watakula nini?"

Tiya hakumpa pole nyingi. Alichukua simu, akampigia Hajji Yakub, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Wewe msichana, sikiliza," sauti ya Hajji ilikoroma. "Mimi nabangisha nyumba. Ngazi mimi sijabangisha mtu. Ile ni njia tu, kama barabara. Ukianguka barabara, unashtaki nani?"

"Kwa hiyo mzee, ngazi hujampangisha mtu yeyote?"

"Wallahi sijabangisha!"

"Asante sana, mzee," Tiya alisema, akakata simu. Alimgeukia Ramlo. "Umesikia? Kile ambacho hakukipangisha kimebaki mkononi mwake. Sheria ndivyo inavyosema. Chumba hiki ni chako kwa kodi unayolipa. Lakini ngazi, ua, paa, choo cha pamoja, anayevishika ni mwenye jumba, na ni juu yake kuvifanya salama kwa kila anayepita kwa haki. Hata mgeni wako. Hata muuza makaa."

"Basi tumeshinda."

"Bado, mama. Kesho atasema kipandio kilivunjwa na dumu lako alfajiri ile ile. Nahitaji kuonyesha kwamba alijua kabla hujaanguka. Mtu mmoja anayeweza kusema, au karatasi moja tu. Nikiipata, kortini hatufiki. Garissa nzima inajua jumba hili liko rehani benki, anajenga lingine. Mtu wa hivyo hulipa haraka kuliko kuona benki imesikia ana kesi."

Muslimo aliitwa. Alikuja akiwa na mtoto mgongoni, akasikiliza hadi mwisho, kisha akamwinamia Ramlo na kumwambia kwa Kisomali, taratibu, "Abaayo, wewe najua unanijua. Nakupenda. Lakini nina watoto watano, na Hajji ana watu kumi wanaosubiri chumba changu. Mimi sikusikia kitu siku ile. Hicho kipandio chenyewe hata sijui kiko wapi."

Akatoka kwenda dukani. Ramlo, kutoka godoroni, alimtazama akishika nguo yake na kukiruka kipandio cha saba.

Tiya aliandika barua ya madai, akaipiga muhuri na kumpelekea Hajji dukani kwake. Ilikuwa barua fupi, yenye adabu, na ilimtia Hajji joto kuliko jua la Machi. Hakumjibu Tiya. Alikwenda kwa wazee.

*

Abdow alirudi siku hiyo na furaha ambayo Ramlo hakuwa ameiona tangu harusi.

"Maslaha!" alisema kabla hata ya kuvua viatu. "Wazee watakaa Alhamisi, hapa hapa uani. Hajji amekubali. Kaka yako Nuh ameshaitwa kutoka Habaswein. Ile barua ya yule msichana tutaiondoa, kila kitu kitakwisha ndani ya siku moja."

"Atalipa?"

"Jamaa italipa. Ndiyo desturi yetu, wewe si mgeni. Mmoja wetu akimjeruhi mtu, wanaume wote wa jamaa wanachangia. Mtu haachwi peke yake na kosa lake."

Ramlo alifikiri kidogo. Mguu ulikuwa ukimuwasha ndani ya plasta, mahali pasipofikika.

"Wewe ni wa jamaa ya Hajji," alisema.

"Sana!" Abdow alisema kwa fahari.

"Kwa hiyo na wewe utachangia."

Abdow aliinama kuvua viatu. "Ni kidogo tu. Tukishagawana ni kidogo tu."

"Na inalipwa kwa nani?" Ramlo aliuliza, ingawa alilijua jibu. Alitaka tu kulisikia likitoka kinywani mwake.

Ni Maka aliyejibu kutoka jikoni. "Kwa watu wa baba yako, binti. Sisi wanawake tunaolewa huku, lakini mifupa yetu inabaki kwao. Abdow anatoa, Nuh anapokea. Wewe utapewa salamu."

Wala haikuwa desturi ya kipumbavu, desturi ile. Iliwekwa na watu wa malishoni, wenye mifugo na bila serikali, ili mtu mmoja asifilisike kwa jiwe lililomtoka mkononi na ili damu isiite damu. Aliyeiweka hakuwa na jumba la ghorofa, wala hakuwa akikusanya mia mbili ya taa kila mwezi kisha akaliacha giza.

*

Alhamisi walikaa. Waliweka mikeka na viti vya plastiki uani, chini ya turubai, wakanywa chai ya maziwa ya ngamia. Maziwa yalitoka kwa Ramlo mwenyewe, kwenye dumu ambalo Maka alikuwa akiuza vikombe mlangoni, na yalichukuliwa kwa ahadi. Nuh alifika na wanaume kumi na mmoja ndani ya Land Cruiser moja. Alipanda kumjulia dada yake hali kwa muda wa kumaliza sigara, akashuka. Wanawake hawakuitwa, na hata wangeitwa, Ramlo hangeweza kuteremka. Lakini ngazi ile isiyofaa kwa miguu ilifaa sana kwa sauti. Kila neno la uani lilipanda mpaka godoroni.

Kwa muda wa saa nzima Hajji alikana. Ngazi ni ya watu wote. Kipandio kilikuwa kizima mpaka dumu lilipokiangukia. Mke wa Abdow ni mwanamke mzuri, lakini ana haraka. Mzee wa baraza alimwacha aseme mpaka akauke, kisha akasema kwamba wao hawakuja kutafuta mwongo, wamekuja kutafuta amani. Mguu wa mwanamke, kwa jinsi ulivyovunjika, wameukadiria laki mbili na arobaini. Wanaume wa jamaa wanaochangia ni themanini. Kila mmoja elfu tatu.

Kisha Ramlo akasikia sauti ya Hajji, nyembamba, ya mtu anayeogopa kuamini bahati yake.

"Hata mimi elfu tatu?"

"Hata wewe. Katika hili hakuna tajiri wala maskini."

Hapo Hajji Yakub alibadilika. Kiti kilisikika kikisukumwa nyuma. Alisimama, bila shaka mkono kifuani, na sauti yake ikajaa ua mzima.

"Wazee wangu! Mimi si mtu wa kumdhulumu mwanamke. Ukweli ni mmoja. Ngazi ni yangu! Nani mwingine aliyeijenga? Niliambiwa imebomoka tangu Rajabu, nikaambiwa tena Shaabani. Nilimleta fundi, akaniambia elfu nane, nikamfukuza. Kosa ni langu. Mwalimu Mustafe, andika! Andika kila neno. Mimi siogopi ukweli."

"Mashallah," wazee walisema, mmoja baada ya mwingine. "Mashallah, Hajji."

"Kwa elfu tatu," Maka alisema huko juu, akiosha vikombe, "hata mimi ningekuwa mkweli."

Ramlo alikirudia kiasi kile kwa midomo. Elfu nane. Alikuwa tayari amezoea kufikiria kwamba mguu wake ulivunjwa na Mungu, au na giza, au na haraka yake mwenyewe kama walivyosema. Kumbe ulivunjwa na elfu nane. Alijiinua kwa viwiko mpaka kichwa kikatokeza mlangoni, akapaza sauti kupitia ngazi.

"Na mguu wangu? Chuma kitawekwa lini?"

Uani mtu alikohoa.

"Mwambieni mama atulie," mzee wa baraza alisema. "Mambo yanakwenda vizuri."

"Abaayo, tutaangalia," Nuh aliita kutoka chini. "Kuna mafuta ya gari, kuna hawa watu waliokuja kwa ajili yako, na pampu ya kisima chetu imekufa. Kitakachobaki tutakutumia, inshallah."

Aliyasema haya kwa upole, na pengine aliyaamini. Ramlo alijilaza tena. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni, na hakuyafuta.

*

Abdow alipanda baada ya muda. Alisimama kando ya godoro akiangalia ukuta.

"Ramlo, kuna elfu tatu hapo?"

"Ya nini?"

"Ya fungu langu. Wengine wameanza kutoa. Ni aibu mimi niwe wa mwisho, mambo yenyewe ni ya nyumbani kwangu."

"Fungu la nini, Abdow?"

Alihangaika na neno lile kama mtu mwenye mwiba wa samaki kooni. "La mguu wako," alisema.

Chini ya mto wa Ramlo kulikuwa na pesa yote iliyobaki ndani ya nyumba, noti za maziwa ya vikombe, aliyokuwa ameiweka kwa dawa za maumivu. Alimtazama mumewe. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kumpiga, hakuwahi kutafuna miraa ya pesa ya chakula. Alikuwa tu mtu aliyejifunza kusimama mikono ikiwa mbele. Ramlo aliingiza mkono chini ya mto, akahesabu elfu tatu, akampa.

Nyuma yake alikuja Mwalimu Mustafe, karani wa wazee, akiwa na karatasi ya mistari na kidau cha wino. Alikuwa ameandika kwa Kiswahili, alieleza, kwa sababu karatasi ingepelekwa ofisini kwa yule msichana Mborana ili afunge faili. Hajji ametia saini. Wazee tisa wametia saini. Kimebaki kidole cha mama tu, hapa chini, panapoandikwa kwamba amesamehe na hana madai tena.

"Nipe niiangalie," Ramlo alisema.

Mwalimu alimpa kama mtu anavyompa mtoto gazeti. Ramlo aliisoma polepole, midomo ikichezacheza. Mwandiko wa Mustafe ulikuwa mzuri sana, wa ubaoni. *Mimi Yakub, mwenye jumba, nakiri mbele ya wazee kwamba ngazi ni mali yangu na iko chini yangu, na kwamba niliarifiwa ubovu wake mwezi wa Rajabu na tena Shaabani, na fundi nilimfukuza.* Tarehe. Saini ya Hajji, kubwa, yenye mkia. Kisha majina tisa. Alikuwa ameomba shahidi mmoja katika jumba zima akakosa. Hapa walikuwa tisa, na wote wenye ndevu.

"Ziko ngapi?" aliuliza.

"Ni hii tu, mama. Ukishaweka kidole nitakwenda kutoa nakala."

Huko nje muadhini alianza kuadhini Alasiri. Ramlo aliishusha karatasi kifuani.

"Mwalimu, kusamehe ni jambo kubwa. Sitaki kusamehe bila udhu. Niachie hapa nitawadhe, nisali, moyo uwe safi. Nyinyi nendeni msikitini, mkirudi mtaikuta."

Mustafe alisisimka. Alishuka akawaambia wazee, nao wakasifu kwamba huyo ndiye mwanamke. Viatu vilisikika vikitoka langoni, Hajji akiwa mbele.

Ramlo alisali kweli, ameketi. Alipotoa salamu, aliikunja karatasi mara nne, akainua nguo, akaisukuma ndani ya plasta juu ya goti mpaka ikapotelea. Maka alikuwa akimtazama kutoka jikoni.

"Unaenda wapi?" bibi aliuliza.

"Kwa Tiya."

Maka alikausha mikono, akachukua magongo.

Ngazi ilikuwa na vipandio ishirini na sita. Ramlo aliteremka kwa makalio, kimoja kimoja, mikono nyuma, mguu wa plasta ukiwa umeshikwa na bibi mwenye miaka sabini aliyekuwa akirudi kinyumenyume na kulaani kila fundi aliyewahi kuchanganya saruji. Milango ilifunguka. Watu walichungulia. Mama wa maziwa, aliyekuwa akiteremka hapa wima na lita ishirini kila mkono, leo alikuwa akijiburura kama mtoto anayeota meno. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Kwenye kipandio cha saba hakukuwa na mahali pa kukaa. Alishika chuma kilichopinda, akajining'iniza, na maumivu yakapanda mpaka akaona weupe. Kisha akahisi mikono mingine chini ya makwapa yake.

"Nimekushika," Muslimo alisema. Hakuachia tena.

Walikuwa wamebakiza vipandio viwili wazee waliporudi kutoka msikitini.

"Abaayo!" Hajji aliguta. "Unakwenda wapi na mguu huo? Karatasi iko wapi?"

Ramlo alipumua kwanza. Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kidevuni.

"Nakwenda kwa yule msichana Mborana. Karatasi iko hapa." Aligonga plasta juu ya goti kwa vidole viwili, ko, ko. "Imeingia ndani. Njoo uitoe."

Hajji alipiga hatua moja, akasimama. Alitazama paja la mke wa mtu, akatazama wazee, akamtazama Nuh, kaka wa mwenye paja. Wanaume ishirini waliona ghafla kwamba viatu vyao vina vumbi.

"Ile ndiyo pekee," Mustafe alinong'ona. "Nakala sijatoa."

"Yale yalikuwa maneno ya maslaha!" Hajji alipiga kelele. "Ya amani! Nani asiyejua? Ngazi si yangu, ngazi ni ya watu wote!"

Wale tisa waliotia saini walimgeukia wote kwa pamoja. Mzee wa baraza, ambaye alikuwa ametoka kumsujudia Mungu dakika tano zilizopita, alikunja uso kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali.

"Umetuandikisha uongo, Hajji?" aliuliza. "Au unaongopa sasa? Chagua moja tujue."

Hajji alimgeukia Abdow, sauti ikiwa imeshuka na kuwa ya ndugu. "Ina adeer. Mrudishe mkeo juu. Mwambie akupe hiyo karatasi, wewe ni mumewe."

Abdow alikuwa amesimama kati yao. Zile noti zilikuwa bado mkononi mwake, zimekunjwa, hakuwa amepata nafasi ya kuzitoa. Alimtazama Hajji. Alimtazama mkewe aliyeketi kwenye saruji, viganja vimechunika. Tuktuk ilikuwa imesimama langoni, dereva akisubiri kuona kama safari ipo.

"Abdow," Maka alisema, na kunyoosha mkono. "Lete hiyo."

"Ni fungu langu, hooyo," alimwambia mama yake.

"Najua ni fungu lako. Lete."

Alimpa. Kisha, mbele ya ukoo mzima, aliinama, akambeba mkewe mikononi, mguu wa plasta ukitangulia, na wanaume wakalazimika kupisha ili usiwaguse. Alimweka kwenye tuktuk, akaingia na yeye, akashika mguu usigongwe na barabara. Maka alimlipa dereva, na zile zilizobaki akazisukuma kwenye kiganja cha mwanawe.

"Hizi ni za dawa zake," alimwambia. "Fungu lako umeshalipa."